Picha Isiyo na Miguu

Kanuni ya benchi letu ilikuwa moja tu: mwenye picha anyamaze mpaka wengine wamalize. Ukileta picha unaiweka juu ya benchi, unakaa pembeni, unafunga mdomo. Wakisema mbuzi uliyempiga anafanana na jiwe, unanyamaza. Wakiuliza kama ulikuwa umelewa siku hiyo, na wewe hujaonja pombe tangu ubatizwe, unanyamaza vilevile. Zamu yako ya kusema inakuja mwisho, wote wakishatoa yao. Ukijitetea mapema, chai ya siku hiyo ni juu yako.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Nakuru, mtu wa magharibi, kapera, nikiishi kwenye landi, zile nyumba ndefu za wafanyakazi wa reli zenye chumba kimoja kimoja. Wa pili alikuwa mwalimu wa shule huko Njoro, aliyekuja mjini kwa baiskeli kila Jumapili, suruali ameibana vifundoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Wa tatu alikuwa fundi cherehani, Mkikuyu aliyetuzidi umri, ambaye alishonea kwenye varanda ya duka la Mhindi karibu na soko. Benchi lilikuwa nyuma ya landi, mahali ambapo upepo wa ziwani ulituletea vumbi jeupe la kuingia machoni na kwenye kamera.

Nilinunua kamera kwa sababu ya Jumapili. Siku nyingine za juma mtu hawezi kuwa mpweke katika bohari la mizigo. Huyu anadai magunia yake ya pareto, yule analalamika kwamba kuku wake wamefia njiani, na bwana mkubwa anataka kujua kwa nini behewa la ngano bado limesimama. Lakini Jumapili ukitoka kanisani, wenye wake wanaingia ndani na harufu ya vitunguu inatoka milangoni mwao, na wewe unabaki na sufuria moja, sahani moja na kijiko kimoja. Nilikaa hivyo muda mrefu kabla ya kukubali kwamba ule ulikuwa upweke. Nilidhani ni njaa.

Kamera yangu ilikuwa ya sanduku, nyeusi, niliyoinunua kwa karani Mgoa aliyekuwa akihamia Mombasa. Ilikuwa na kitobo mahali fulani kilichopitisha mwanga, kwa hiyo kila picha ilitoka na mstari mweupe kwenye kona ya juu. Mwalimu alikuwa na kamera ya kukunja, yenye mfuko wa ngozi unaovutwa mbele na lenzi safi, na alituonyesha kila Jumapili kana kwamba tumeisahau.

"Kamera iko sawa," fundi alikuwa akimwambia. "Sasa tunangoja mtu wa kupiga."

Fundi mwenyewe alikuwa na sanduku kuukuu kuliko langu, ambalo mfuniko wake ulishikiliwa na mpira wa kiunoni wa kaptura ya mtoto. Lakini ndiye aliyekitafuta kile kitobo changu, akakiziba kwa gundi na kipande cha bitana nyeusi, na mstari ukaisha. Mfuko wa kamera ya mwalimu ulipopasuka kwenye mikunjo, ni yeye tena aliyeutia viraka. Alifanya hivyo huku akimcheka mwenye kamera, na mwalimu alivumilia kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Kila mtu alikosoa kwa jicho la kazi yake. Mwalimu alitazama mistari: kama ukingo wa ziwa umelala, kama nguzo imesimama. Fundi alitazama nguo. Mimi nilitafuta makosa kama ninavyotafuta gunia lililotoboka, na sikuwa mpole. Nilimwambia mwalimu kwamba katika picha yake ya darasa zima hakuna mtoto hata mmoja anayetazama mahali pamoja na mwenzake, na kwamba kama anafundisha hivyohivyo basi wazazi wamepoteza karo. Tulikuwa hatusifiani. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," mwalimu alipenda kusema, ingawa sifa zikija upande wake hakumwaga hata tone. Nyani haoni kundule.

Fundi alikuwa na hukumu moja ambayo hakuichoka, nayo ni miguu. Ukimpiga mtu picha ukaishia magotini, fundi hakuendelea kutazama. "Huyu mtu umemkata," alisema, akairudisha. Tulimcheka. Mwalimu alikuwa na gazeti la picha kutoka Ulaya, lililotupwa na mwenye shamba mmoja, na humo watu walikatwa kifuani, wengine shingoni, na walipendeza sana. Tukamwambia fundi anataka miguu ili suruali zake zionekane. Hakukana.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa mwaka ambao shangazi yangu aliamua kwamba nimekaa kapera vya kutosha. Alikuwa amempata msichana kule kwetu, wa familia ya watu wa kanisa, ng'ambo ya mto. Mimi sikuweza kwenda kumwona. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikiwasaka Mau Mau, askari kila njia panda, na stesheni ilikuwa na upungufu wa watu hata likizo zikasimamishwa. Nilikuwa sijafika nyumbani muda mrefu. Shangazi, ambaye hajawahi kushindwa na jambo, akasema picha zitangulie.

Ya msichana ilifika kwanza, kwa posta. Ilipigwa na mpiga picha wa sokoni. Amesimama mbele ya shuka iliyotundikwa, gauni jeupe, miguu mitupu, mkono mmoja juu ya kiti ambacho hakukikalia. Kichwa chake kimeinama kidogo upande, kama vile kuna mtu amemwita na yeye hajaamua kama aitike. Niliitazama njiani kutoka stesheni mpaka landi, nikapita mlango wangu.

Sikupaswa kuipeleka kwenye benchi. Niliipeleka kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha, na jambo kama lile haliwezi kukaa kifuani mwa mtu mmoja.

Mwalimu aliishika kwa ncha za vidole. "Shuka imepinda," alisema. "Na jua limempiga usoni moja kwa moja, ndiyo maana amefinya macho. Mpigaji huyu angemgeuza kidogo tu. Na kiti kile kinafanya nini pale?"

Fundi akaichukua, akaisogeza karibu na macho. "Hii gauni si yake," alisema. "Ona bega imeshuka. Ameazima kwa mtu mnene."

Mwalimu akamgonga kwa kiatu.

"Sisemi vibaya," fundi akasema. "Nasema mtu hawezi kwenda kuazima nguo ya picha kama hataki hiyo picha ifike. Huyu anataka. Tena miguu iko yote."

Mimi nilikuwa nimenyamaza kama kanuni inavyotaka, masikio yakiwaka. Zamu yangu ilipofika nilisema tu, "Nimesikia," nikaitia picha mfukoni. Nilifurahi kupita nilivyoweza kuonyesha. Usiku huo niliiegemeza kwenye kioo cha kunyolea ndevu, na tangu hapo nikawa nanyoa nusu ya uso wangu nikimtazama yeye. Mwisho wa mwezi nilinunua sahani ya pili na kijiko cha pili. Jirani aliniuliza kama napata mgeni. Nikamwambia labda.

Ilibaki picha yangu. Fundi alinishonea suruali ya sufu ya kijivu, yenye mikunjo chini na kitako cha heshima, suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa. Jumapili moja asubuhi tuliingia watatu katika bohari la mizigo likiwa tupu. Mlango wake mpana ulitazama mashariki, na mwanga uliingia kwa ubavu, mpole, bila kufinya mtu macho. Mwalimu alikuwa na kamera yake. Kwenye filamu ilibaki nafasi moja, maana nyingine zote alikuwa amezimaliza kwa kuwapiga ndege heroe ziwani, ambao walitoka vidoa vitupu.

Akanisogelea. Akasogea tena.

"Miguu," fundi akasema kutoka nyuma.

"Mke ataishi na uso wake, si na viatu," mwalimu akamjibu.

"Mimi nasema tu. Rudi nyuma kidogo, umpige akiwa amesimama wima, mtu mzima."

Waliponigeukia mimi niamue, niliamua uso. Nilikuwa nimelitazama lile gazeti la Ulaya mara nyingi mno. Nilitaka msichana yule anione kwa karibu, kama mtu aliyeketi mbele yangu mezani, mwenye ile sahani ya pili. Ndivyo nilivyowaza pale, na hata leo sioni kama lilikuwa wazo baya.

Picha ilipotoka kusafishwa katika duka la Mhindi ilikuwa bora kuliko zote tulizowahi kupiga. Nasema hivi bila aibu kwa kuwa sikuipiga mimi. Nusu ya uso iko kwenye mwanga, nusu kwenye kivuli laini, na macho yanatazama moja kwa moja bila kujivuna. Inaishia kifuani, chini kidogo ya kifungo cha pili. Sikujua kama nilikuwa na uso wa namna ile.

Tuliiweka kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza mwalimu hakupata mstari wa kulalamikia, akawa anajikuna shingo. Fundi aliitazama kwa muda mrefu.

"Uso ni mzuri," alisema. "Kweli kabisa. Lakini huyu mtu hana miguu."

"Wewe unaililia suruali yako tu," nikasema. Nilikuwa nimevunja kanuni.

"Suruali ni yako," akasema. "Ulilipa."

Chai ya siku hiyo ikawa juu yangu, na picha ikaenda nyumbani kwa posta vilevile.

Sasa sharti niseme jambo ambalo nililijua siku zote na sikulifikiria hata kidogo. Kwetu kulikuwa na kijana mmoja aliyeandikwa kazi ya reli, kazi ya kuunganisha mabehewa. Aliondoka akitembea, akarudi akibebwa. Gari lilimkata miguu yote miwili. Kabla sijaja Nakuru nilikwenda kumwona, nikakaa kwenye mkeka wake, tukazungumza habari za mahindi. Hakuna mtu kule kwetu aliyesikia neno reli asimkumbuke yeye. Na mimi, mtu wa reli, ambaye nilikuwa sijaonekana nyumbani muda mrefu, nikawapelekea picha inayoishia kifuani.

Walijumlisha. Mtu yeyote wa kwetu angejumlisha. Na kwa kuwa ni watu wenye adabu, hakuna aliyeuliza. Kwetu humwulizi mtu habari za kilema chake, unangoja akuambie. Mimi nami nilikuwa nangoja wao. Kimya kikawa kirefu. Nilijiambia mambo ya ndoa hayana haraka, nikaendelea kunyoa ndevu nikiitazama ile picha yenye bega lililoshuka.

Katikati ya kungoja kule, fundi alichukuliwa. Asubuhi moja askari walikuja na malori, wakawapandisha Wakikuyu wengi wa mtaa wa sokoni, wanaume, wanawake na watoto, na vitu walivyoweza kubeba. Nilipopita saa ya chakula cha mchana cherehani ilikuwa bado kwenye varanda, na koti la mtu chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa. Mhindi alikuwa akizungukazunguka, hajui kama aiingize ndani au aiache. Nilimwuliza amepelekwa wapi. Akasema hata yeye anauliza. Sikuwahi kumwona tena wala kupata habari zake, na nilijaribu.

Mwalimu alikuja Jumapili mbili tatu baada ya hapo. Bila fundi mistari ya mwalimu ilichosha, na makosa niliyoyatafuta mimi yalikuwa makosa tu. Halafu barabara ya Njoro ikawa na vizuizi vingi, na mtu mwenye kamera begani alikuwa akiulizwa maswali mengi kuliko mwenye panga. Akaacha kuja. Nilimwelewa, lakini ilinikasirisha. Benchi likabaki langu, na wake za majirani wakaanza kuanikia sufuria juu yake.

Likizo ilipofunguliwa nilivaa suruali ya kijivu, nikapanda gari la moshi, kisha basi, kisha nikatembea. Mama alikuwa akipepeta mtama uani. Aliponiona alidondosha ungo. Hakunishika mkono wala hakunisalimu. Alipiga magoti, akanipapasa kuanzia magotini mpaka vifundoni, akarudi juu, akashuka tena, huku akilia. Nilidhani ni furaha ya kuniona. Nikamwambia mama simama, watu wanatazama.

Shangazi ndiye aliyenieleza, jioni, akiwa ameangalia pembeni. Familia ya msichana iliona picha, ikapokea kwa heshima, ikakaa. Wazee wakazungumza. Baada ya mavuno wakamwoza kwa mtu mwingine mwenye kazi Nairobi. "Walisema uso ni mzuri," shangazi akasema, "lakini uso haupandi mlima." Nilicheka, maana kweli ilichekesha. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia mpaka nikasikia mbuzi wamenyamaza kunisikiliza.

Niliporudi Nakuru mtu niliyemtamani si mwalimu, wala si shangazi. Nilimtaka fundi. Nilitaka kukaa naye kwenye benchi, nimwambie alisema kweli, halafu anicheke hadi achoke. Nilimtafuta kwa macho kila nilipopita ile varanda. Aliyekuwa akishonea pale sasa alikuwa mtu mwingine, kijana asiyetaka mazungumzo. Sahani ya pili niliiweka chini ya kitanda.

Haukupita mwaka kabla sijamwona yule msichana. Gari la kutoka Kisumu lilikuwa limesimama, na abiria wa daraja la tatu walikuwa wameshuka kununua chai na mayai. Mimi nilikuwa nikitoka boharini kupeleka hati za behewa. Karibu na bomba la maji alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mtu mmoja alikuwa amemwita, na kichwa chake kiliinama upande kidogo, kama vile hajaamua kama aitike. Sikuhitaji kuuliza. Ile picha nilikuwa nimeitazama kuliko nilivyowahi kumtazama mtu aliye hai.

Akageuka, akaniona. Uso wangu alikuwa nao. Ulikuwa ndio kitu pekee changu alichowahi kupewa. Akanitambua palepale. Halafu macho yakashuka, taratibu, kutoka kifungo cha pili kwenda kwenye mkanda, kwenye sufu ya kijivu, kwenye mikunjo ya fundi, mpaka kwenye viatu. Yakabaki hapo.

"Walisema gari lilikukata," akasema kwa lugha ya kwetu.

"Halikunikata."

"Naona."

Mtoto akajinyoosha mgongoni mwake, akamrudisha kwa kiwiko. Kengele ya stesheni ikalia. Watu wakaanza kumeza chai yao kwa haraka na kurudisha vikombe.

"Ile picha ilikuwa nzuri," alisema. Alikuwa bado anaitazama miguu yangu. "Mimi niliwaambia nitakwenda tu. Niliwaambia hata kama hana, nitakuwa nikimwekea kiti mlangoni, naye atakuwa akinitazama hivyo. Wazee wakakataa. Walisema mimi ni mtoto, sijui ninachosema."

Gadi akapuliza filimbi. Yeye akalikaza fundo la kanga kifuani, akapanda, na mlango ukafungwa.

Mwenye picha hunyamaza mpaka wote wamalize. Mwalimu alikuwa amesema yake, fundi yake, wazee yao, na sasa yeye, wa mwisho. Zamu ilikuwa yangu. Nilifungua mdomo, na dirisha lake lilikuwa limeshapita mwisho wa jukwaa.